Tuletee Tawi Zima

Chake Chake, Alhamisi asubuhi

Kombo,

Jani moja limedondoka.

Nimelisikia kabla sijaliona. Nilikuwa nimekaa na taipureta yangu, namwandikia mtu wa Vitongoji malalamiko ya mpaka wa konde lake, naye amekaa mbele yangu ananisimulia habari za babu yake, mara nyuma yangu ukutani ikatoka sauti ndogo, kama mtu aliyekunja karatasi ngumu. Nikageuka. Jani lipo sakafuni, jekundu la kutu, limejikunja kingo. Tawi lako nimelitundika kwenye msumari ule ule uliokuwa ukitundikia kofia yako kila Jumamosi ulipokuja. Zaidi ya mwezi sasa limekaa pale na majani yake yote, makavu, hayatikisiki. Leo limeachia moja.

Zamani ningelifurahi. Ningelivaa kanzu nikaenda mbio mpaka barazani kwa Fundi Hamadi, nikasimama mbele ya cherehani yake na kupiga kelele: "Haya, si nilisema? Jani likikauka huanguka! Nani mkweli sasa?" Badala yake nimekaa kitako sakafuni, mtu mzima wa miaka arubaini na minane, sithubutu kuligusa. Yule mtu wa Vitongoji akaniuliza, "Mwalimu, kwema?" Nikamwambia arudi wiki ijayo. Akalitazama jani, akanitazama mimi, akaondoka bila ya kuaga. Mjini watasema Shaame ameanza kuharibikiwa. Na waseme.

Kesho ni arubaini yako. Hitima itasomwa nyumbani kwako Mgogoni baada ya sala ya Ijumaa, na Fundi Hamadi amepanga jambo. Anasema watu wakishakula, yasomwe mashairi yetu mawili ya mwisho, lako la mkarafuu na jibu langu, mimi mwenyewe niyasome, na baraza zima liitikie kibwagizo kama tulivyofanya siku ile. "Tumpe heshima yake," anasema. "Kombo alikipenda kile kibwagizo kuliko sisi sote. Alicheka mpaka akatoka machozi." Ameshawaambia watu. Ameshamwambia na mkeo, Bi Mize, naye amefurahi, ameahidi kufungua mlango wa ukumbini ili wanawake nao wasikie.

Bi Mize atakaa nyuma ya mlango, Kombo, asikie watu thelathini wakiimba maneno yaliyokupandisha mtini. Naye hajui. Ndiyo maana nakuandikia. Nakuandikia kwa sababu weye ndiye mtu pekee ambaye siwezi kumdanganya, na nimeshajaribu.

Nianze na siku lilipofika shairi lako. Lililetwa na dereva wa gari ya mbao, ile ya abiria, katikati ya wiki, na hilo peke yake lilitosha kunishtua kama ningekuwa na akili, kwa maana miaka yote hujawahi kunitumia shairi kwa mkono wa mtu. Ulikuwa ukilileta mwenyewe Jumamosi, na mkungu wa ndizi begani, ukalisoma kwa ile sauti yako ya kukwaruza. Safari ile hukuja. Nikaifungua karatasi nimesimama, na ubeti wa kwanza ni huu, ambao sasa siwezi kuutoa masikioni:

Mti wangu wakauka, nao bado wasimama,
Jani halijadondoka, tawini limetuama,
Mizizi imeshachoka, utomvu umeshakoma,
Sahibu njoo haraka, kwa macho yako tazama.

Nikasema: Ah! Na yeye tena.

Unaujua ugomvi wangu na mashairi ya namna hii. Umeusikia miaka mingi ukiniachia niseme mpaka kahawa ipoe. Nimesoma vitabu vya nchi za baridi, nimesoma vya Waarabu, nimesoma vya Wahindi na Wachina kwa tafsiri za Kiingereza, na kote humo namkuta mshairi yule yule amesimama chini ya mti ule ule analilia jani. Ua limenyauka. Mwezi umepungua. Maji yamekupwa. Basi, tumesikia! Nilikuwa nikisema kwamba mtu asiye na la kusema huimba kupita kwa vitu, kwa sababu hakuna atakayembishia. Nilikuwa nikisema zaidi ya hapo: kwamba mwenye kututawala halipendi shairi lolote kuliko hilo, maana anayeamini kila kitu kitapita hukaa kitako akingoja kipite. Na mwaka huu, wakati watu wanajiandikisha kupiga kura, wakati watu wa chama hiki hawanunui chumvi kwenye duka la mtu wa chama kile, sahibu yangu ananiletea beti kumi na moja za majani!

Wala sikuzisoma zote, Kombo. Hili nalisema kwako kwanza kabla sijalisema kwa mwingine. Nilisoma wa kwanza, nikaruka, nikasoma wa mwisho, nikaketi kuandika jibu. Mtu aliyesoma Wachina hakuzisoma beti tisa za mtu wa Mgogoni.

Ningezisoma ningeona kwamba ubeti wa nne unataja miti kwa majina yake, yale majina aliyoipa babu yako: Bikizee uliokufa kwanza, kisha Mama Wawili, kisha ule ulioinama mnaouita Mgonjwa, ambao ulikuwa mzima kuliko yote. Ningeona kwamba ubeti wa saba unasema ugonjwa unaanzia kileleni, unashuka, na mti uliobeba vizuri msimu uliopita unakauka wote ndani ya wiki chache. Ningeona wa tisa unaniomba nimwandikie Bwana Shamba, kwa sababu wewe ulimwendea mara mbili ukaambiwa urudi. Yale hayakuwa maombolezo hata kidogo. Ulinitumia habari. Ulinitumia malalamiko yako kwa vina, kwa sababu ndivyo mimi na wewe tulivyozoea kuambiana mambo tangu tuko chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaandikia watu malalamiko yao, sikuyatambua yalipokuja yamevaa nguo za shairi.

Nikakaa usiku mmoja na mchana mmoja, nikatoa jibu. Vina vyako vile vile, kama ilivyo kanuni yetu:

Jani likishakauka, chini huanguka hima,
Nani hajalitamka, kwamba vyote vitahama?
Kilio kilichochoka, kimeimbwa toka zama,
Panda juu kwa haraka, tuletee tawi zima!

Na mstari ule wa mwisho nikaufanya kibwagizo, ukajirudia beti zote. Nilijiona hodari. Nilikushika uongo, nikidhani mimi: mti gani umekufa na majani yake juu? Kila kitabu kinasema jani likifa huanguka. Nikakuandikia kwamba mkulima asiyejua jani lake linakwenda wapi na aache jembe ashike kalamu, na akishindwa kalamu ashike ufagio.

Jumamosi ulikuja. Ulikuwa umekonda, nakumbuka sasa, kola ya kanzu imekuwa pana shingoni. Siku ile sikukumbuka kitu. Nikasoma. Kufika ubeti wa tatu baraza zima limeshakishika kibwagizo: mimi nasema "Panda juu kwa haraka," wao wananguruma "Tuletee tawi zima!" Fundi Hamadi akasimamisha cherehani, akawa anapiga mkasi juu ya meza. "Yakhe Kombo, leo umepatikana!" Na yule muuza kahawa akasema, "Mpeni kikombe, koo limemkauka kama mkarafuu wake." Ulicheka. Ulicheka kweli, mpaka ukajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Halafu ukasema, "Chekeni. Tawi mtaliona Jumamosi ijayo."

Na mimi, Kombo, mimi sikuweza kukuachia neno la mwisho. Sijawahi kumwachia mtu neno la mwisho maisha yangu yote. Nikasema, "Lije na majani yake! Usije ukatuletea fimbo, ukasema majani yamebaki njiani."

Ukasema, "Litakuja na majani yake."

Nilikujua. Hapa ndipo ninapokwama kila ninapojitetea, na unajua mimi ni hodari wa kujitetea. Ningekuwa sikujui ningesema, nani angedhani mtu atapanda mti kwa sababu ya shairi? Lakini mwaka ule nilipoandika kwamba hakuna mtu wa Mgogoni awezaye kwenda Kengeja kwa miguu bila ya kukaa chini kula, si ulikwenda? Ulikwenda alfajiri, ukarudi na gari siku ya pili, visigino vimechanika, umebeba muhogo wa Kengeja na shahidi wa Kengeja. Ukamwambia shahidi, "Mwambie." Akatuambia. Ukakata muhogo, ukatugawia. Mimi najibu beti kwa beti. Weye ulikuwa ukijibu beti kwa miguu na mikono. Baraza zima lilijua. Mimi nilijua kuliko baraza.

Ulipoanguka niliambiwa siku ya tatu. Nikapanda gari, nikashuka njia panda, nikaja moja kwa moja mpaka kitandani kwako nimeinamisha kichwa, natazama vidole vya miguu yangu. Fundi wa mifupa kutoka Kengeja alikuwa anaondoka. Akaniambia mlangoni kwamba mifupa anaiweza, ila kilichopasuka ndani hakiwezi, na wewe umekataa kupelekwa hospitali Chake. Nikaingia. Ulifumbua macho, ukaniuliza neno moja: "Umeutazama?"

Nilipita chini ya miti yako sikuinua uso. Nikakujibu, "Nimeutazama, sahibu."

Ukasema kwa taabu, huku unatabasamu upande mmoja, "Yakhe. Uongo wako hauna vina."

Hukunisemesha tena. Siku ya tano ukaondoka.

Watu walijaa mazikoni, Kombo. Ungecheka. Wale wasiosalimiana tangu kampeni zianze walisimama safu moja bega kwa bega, na mmoja aliyekuwa amemwita mwenzake kibaraka mbele ya soko alimshika mkono asiteleze kaburini. Siku ya pili wakarudi kutosalimiana. Niliandika barua kali gazetini kuhusu jambo hilo, kisha nikaichana, kwa mara ya kwanza tangu nijue kuandika.

Siku ya tatu ya matanga Bi Mize aliniita uani. Ametulia, macho makavu, amejifunga kanga yake nyeupe. Akaingia ndani, akatoka amebeba tawi mikononi, limezungushiwa kipande cha shuka kama mtoto mchanga.

"Shemeji," akaniambia, "hili ni lako. Mimi nilikuwa pale chini. Nilimwambia, litupe bwana, utashukaje nalo? Akaniambia, likitupwa litapukutika, Shaame analitaka zima. Akashuka nalo mkono mmoja juu, na mkono mmoja wa kushikia. Tawi alilokanyaga likakatika. Hili hakuliachia. Tulimkuta amelishika hivi." Akanionyesha, ngumi imeinuliwa kidogo juu ya kifua.

Kisha akasema, "Ulilitaka la kumpelekea Bwana Shamba, siyo?"

Nikasema, "Ndiyo, shemeji."

Uongo wa pili. Huo nao hauna vina. Na yeye akanipa mkono, akaniombea dua, akasema alijua kwamba nisingemwacha sahibu yangu, kwamba ulimwambia usiku wa kuamkia siku ile: "Shaame akishaliona hili ataamini, na akiamini hanyamazi." Ulimwambia hivyo? Au amenitungia kunifariji? Siku nzima hujiuliza hilo. Kama ulisema, basi hukupanda kwa sababu ya mzaha wa baraza tu. Ulipanda kwa sababu ulinihitaji, na hukuona njia nyingine ya kunifikia ila kuingia kwenye shairi langu na kulitimiza.

Jioni ile kabla ya gari nilikwenda kuutazama mti. Peke yangu. Nikainua uso, basi.

Nakwambia nilichokiona, ingawa wewe ulikiona kabla yangu. Nilikuta Bikizee umesimama mrefu, matawi yamekamilika, na kila jani lipo mahali pake, jekundu kutoka juu mpaka chini. Nyuma yake Mama Wawili, vile vile. Nyuma yake safu nzima. Upepo ukapita, na majani hayakufanya ile sauti laini ya mkarafuu hai tuliyoijua utotoni. Yaligongana kama karatasi. Kama mtu anapekua, anapekua, anatafuta ukurasa ambao mwingine aliuruka. Hata jani moja halikuanguka. Nilisimama pale mpaka dereva akapiga honi mara tatu, nangoja lianguke japo moja, moja tu, ili vitabu vyangu viwe vimesema kweli.

Tangu siku ile nimevichukia, Kombo. Vitabu vile vimenifunza kupita kwa vitu kama jambo jepesi: jani linaelea, linashuka, mshairi anashusha pumzi, msomaji anafunga kitabu. Havikuniambia kwamba kuna kufa kunakosimama. Kwamba kitu kinaweza kwisha kisiondoke. Wewe ulikiandika hicho katika mstari mmoja, "Mti wangu wakauka, nao bado wasimama," na mimi nikakuambia umekosea kuhusu majani. Katika mashairi yote niliyosoma kuhusu dunia inayopita, lako ndilo la kwanza lililoandikwa na mtu aliyeutazama mti. Nalisema hilo si kwa kukufurahisha, wewe hufurahishwi tena. Nalisema kwa sababu ni hoja, na hoja ikishinda nayakubali matokeo yake.

Na kibwagizo changu nacho hakipiti. Muuza kahawa anakiimba huku anagonganisha vikombe. Mwanamke anayeuza mikate ya mofa njia ya hospitali anakiimba, na hajui hata kimetoka wapi. Juzi nimemsikia mtu anamwambia mwenzake aliyepanda kuezeka paa, "Panda juu kwa haraka!" na wote wakacheka. Nikaegemea ukuta wa duka la yule Mhindi wa vitambaa, akaniletea maji. "Mwalimu, jua kali leo," akaniambia. Nikamwambia ndiyo, jua. Karatasi niliyoandikia naweza kuichoma. Vinywa vya watu nitavifanya nini? Vyote vitahama, niliandika. Hiki kimekataa kuhama.

Wala si mchana tu. Ninapokuwa mwenyewe chumbani tawi lile linanisikiliza. Nikigonga taipureta, linatulia. Nikiacha, nalisikia. Mke wangu ameniomba nilitoe nje, anasema linaleta mchwa. Mchwa hawakuligusa. Nadhani hata mchwa wanajua si langu.

Nikupe habari, maana ulipenda habari. Ule uongo niliomwambia Bi Mize nilijaribu kuugeuza uwe kweli. Nilimwandikia Bwana Shamba barua ambayo sijapata kuandika mfano wake, nikaipeleka mwenyewe, nikakaa ofisini kwake siku mbili kwenye benchi mpaka akachoka kuniona. Sikumpelekea tawi lako. Nilikata jingine, la chini, ambalo halihitaji mtu kupanda. Amekuja Mgogoni. Amepita na ndoo ya chokaa, ametia alama miti yote ya kukatwa na kuchomwa, yako na ya jirani, na amesema mingine iliyo upande wa bondeni inaweza kuokoka ikiwa kazi itafanywa mapema. Mapema! Nikamuuliza mapema ni lini, nikamwambia mwenye miti alimwendea ofisini mara mbili, akaniambia nisimletee siasa. Tuligombana mpaka karani akafunga mlango. Ungekuwepo ungenivuta kanzu.

Kumi na miwili imekufa mpaka sasa. Mgonjwa bado unasimama hai. Jani lake ni la kijani, nimeligusa.

Na kila Jumamosi Bi Mize ananitumia ndizi kwa gari ya mbao, kama ulivyokuwa ukileta. Kwa sababu mimi ni mtu niliyewaandikia barua. Kwa sababu mimi ni sahibu ambaye mumewe alimtegemea. Sijala hata moja. Zinawiva, zinaoza, nazitoa nyuma ya nyumba na kuzifukia kama mwizi. Kupendwa na mtu usiyestahili kupendwa naye ni adhabu ambayo sikupata kuisoma popote.

Nimefikiri kunyamaza. Nisikufiche. Nilikuwa nimeshapanga kuugua kesho, kichwa, tumbo, chochote, asome mtu mwingine. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumtumia Fundi Hamadi. Nikajiambia kwamba Bi Mize ana faraja yake, kwa nini nimnyang'anye? Nikajiambia kweli si lazima isemwe kila mahali. Mimi nikasema hivyo! Mimi niliyegombana na kadhi, na mudiri, na mhariri, na mwalimu mkuu hata nikaacha skuli, kwa ajili ya kweli zisizonihusu! Nikajiona nimesimama kama Bikizee, majani yote mahali pake, ndani hamna kitu.

Ndipo leo jani likadondoka.

Sitaki kulifanya ishara, weye ungenicheka. Jani limekauka zaidi, kikonyo kimelegea, limeanguka, kwisha. Lakini nimelielewa hivi: likianza moja hayatakaa mengine. Tawi ulilolibeba kwa mkono mmoja ili lisipungue, nikizidi kulitundika ukutani litanipukutikia hapa, moja moja, na siku nitakapopata ujasiri wa kumrudishia mkeo, nitampelekea fimbo.

Kwa hiyo kesho nitapanda gari ya kwanza, kabla ya wageni. Nitakaa na Bi Mize uani, pale pale aliponipa, nitamsomea shairi lako lote, beti kumi na moja, pamoja na tisa nilizoziruka. Kisha nitamsomea kibwagizo changu. Nitamwambia nani alikiitikia na nani alikitunga. Nitamwambia kuhusu "lije na majani yake." Akinifukuza nitatoka. Akinyamaza nitakaa. Ndizi nitamwambia pia, alizozituma na nilikozifukia.

Na baada ya hitima, Fundi Hamadi atakaposimama kuniita nisome jibu, nitawaambia watu kwamba Shaame hana jibu. Litasomwa lako peke yake. Kanuni tuliiweka wenyewe tukiwa vijana: shairi lisilojibiwa ndani ya wiki, mwenyewe ameshinda. Wiki zimepita. Nimeweka kalamu chini, Kombo. Umeshinda, na nitalisema mbele ya watu wale wale waliocheka, kwa sauti ile ile. Najua watasema nimewaharibia hitima. Nimewaharibia mengi mazuri kuliko hilo.

Nakuahidi haya, basi, na unajua mimi sina desturi ya kuahidi: sitotunga tena mstari unaomwambia mtu apande mahali ambapo mimi siko chini kumpokea. Nitasoma beti zote kabla sijafungua mdomo. Na miti ya bondeni, ile inayoweza kuokoka, nitakwenda kuitazama kila mwezi kwa macho yangu, nimeinua uso, na nikiona kilele kimoja kimegeuka rangi, Bwana Shamba hatalala.

Mungu akupanulie kaburi, sahibu yangu, akujaalie mahali ambapo kijani hakibadiliki. Kama ni kweli kwamba mnatusikia, usinijibu. Acha mara hii neno la mwisho lisiwe la mtu.

Lile jani nimeliokota. Nimelitia kwenye shuka ya Bi Mize pamoja na tawi lenyewe, lisikosekane hata moja nitakapomrudishia. Gari ya kwanza hujaa, na njia ya Mgogoni ina mashimo. Nitakaa nyuma, sitashika kamba, sitashika ubao.

Nitalibeba kwa mikono miwili.

Shaame